Uzi: Walitoka kwenye mahandaki ya vita kuu ya kwanza wakaenda kupanda milima mirefu kuliko yote duniani (na mmoja wao alianzia Kenya)

Bwana Theluji

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite kimya kimya tusigombane.

Kila mtu anawajua Hillary na Tenzing, wale wa kwanza kufika kilele cha Everest 1953. Mi nataka tuwaongelee waliotangulia, wale wa miaka ya 1920 waliokuwa wanaikabili Everest na makoti ya sufu na viatu vya misumari, maana kuna kitu kuhusu wale jamaa kinanisumbua na sijaona tukikijadili humu. Karibu wote walikuwa wametoka vitani. Misafara mitatu ya Waingereza, 1921, 1922 na 1924, ilikuwa na wazungu 26 kwa jumla na wanaohesabu wanasema 20 kati yao walikuwa wameuona mstari wa mbele kwa macho yao, yaani matope, gesi, mizinga usiku kucha, rafiki yako uko naye asubuhi jioni hayupo.

Cheki wenyewe. Howard-Bury aliyeongoza msafara wa 1921 alitekwa na Wajerumani Machi 1918 akakaa mateka mpaka vita inaisha. Jenerali Bruce aliyeongoza ule wa 1922 alijeruhiwa Gallipoli, Uturuki. Mallory alikuwa kwenye kikosi cha mizinga pale Somme, Ufaransa, 1916. Norton naye mizinga, ametoka na nishani zake. Hazard wa 1924 alipanda na majeraha ya vita ambayo inasimuliwa yalikuwa yanafunguka na kuvuja damu ndani ya nguo akiwa huko juu. Hebu fikiria mtu anavuja damu ya vita iliyoisha miaka sita nyuma na bado anataka kwenda juu zaidi.

Hoja yangu ni hii: ile vita iliwafanyia mambo mawili kwa mpigo, iliwaharibia maisha ya kawaida, halafu ikawapa vifaa na nafasi ya kwenda kuharibikia mbali. Naendelea, msichangie kwanza.

Ngosha Mtata

Nimeweka kambi hapa. Chai ipo.

Bwana Theluji

Tuanze na Somervell kwa sababu huyu ndo ananigusa kuliko wote. Daktari wa upasuaji. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, alikuwa kwenye kituo cha majeruhi nyuma ya mstari. Walijiandaa kupokea majeruhi kama elfu moja hivi, wakaja maelfu kwa maelfu, machela zimepangwa chini kwenye uwanja mzima kama vile mtu kaanika mpunga, na madaktari ni wachache wanapita katikati wanachagua nani apasuliwe na nani aachwe maana hatapona. Kitu alichokikumbuka maisha yake yote ni kwamba wale waliolala pale hakuna aliyekuwa analalamika aanze yeye. Alitoka hapo akawa mtu wa kupinga vita moja kwa moja.

Sasa huyohuyo mwaka 1922 yuko Everest. Tarehe 7 Juni yeye, Mallory na mwenzao mmoja wanaongoza wapagazi 14 kwenye mteremko wa theluji mbichi, theluji inakatika, wapagazi tisa wanazolewa, saba wanakufa. Wazungu wote wazima. Somervell aliandika baadaye kwamba kilichomchoma ni kuona waliokufa ni Masherpa na Wabhotia (wenyeji wa Himalaya) peke yao, akatamani angalau Mwingereza mmoja awe amekufa pamoja nao. Hiyo ni akili ya mtu aliyetoka Somme wakuu, anaona aibu ya kubaki hai.

Baada ya pale hakurudi London kutafuta cheo. Alizunguka kusini mwa India, akaona hospitali ya misheni Neyyoor imefurika wagonjwa na daktari ni mmoja, akaamua ndo huko huko. Alifanya kazi India miaka na miaka.

Ila 1924 aliomba ruhusa akarudi mlimani! Tarehe 4 Juni yeye na Norton walipanda bila oksijeni. Somervell koo likamshinda akakaa, Norton akaendelea peke yake mpaka mita 8,572 hivi, akageuka. Rekodi hiyo ya bila oksijeni ilidumu hadi 1978. Wakati wa kushuka Somervell akashindwa kupumua kabisa, kitu kimeziba kooni, akakaa kwenye theluji akisubiri kufa na Norton yuko mbele anajua mwenzake amesimama kuchora picha tu. Akajibana kifua kwa mikono miwili kwa nguvu zake za mwisho, likatoka. Ilikuwa utando wa ndani ya koo lake mwenyewe ulioungua kwa baridi. Akanyanyuka akaendelea kushuka.

Siku nne baadaye Mallory na Irvine ndo wakapanda na hawakurudi.

Mama Kahawa

Aisee hilo la koo nimesoma nimeshika shingo yangu. Swali mkuu, hela zilitoka wapi? Maana nchi imetoka kupigana miaka minne, watu wana njaa, nani alikuwa analipia watu waende kupanda mlima?

Bwana Theluji

Dada yangu swali zuri. Kulikuwa na kamati ya Royal Geographical Society na Alpine Club (chama cha jiografia na klabu ya wapanda milima za Uingereza), wakawa wanauza habari kwa magazeti, na 1924 mpiga picha wao John Noel, naye mwanajeshi, alinunua haki zote za picha na filamu kwa pauni 8,000, kwahiyo sehemu kubwa ya msafara ililipwa na filamu ambayo ilikuwa haijapigwa bado. Wanajeshi walipewa likizo wakaja na mishahara yao. Wapimaji ramani kina Morshead na Wheeler walikuwa waajiriwa wa idara ya ramani ya India. Yaani msafara ulikuwa na hewa ya kijeshi kabisa, kambi zina namba, mizigo inapangwa kama risasi zinazopelekwa mstari wa mbele.

Na hapa ndo naleta ile oksijeni. Kabla ya vita hakukuwa na mtu mwenye shida kubwa ya kupumua kwenye mita 6,000 isipokuwa wapanda milima wachache na watu wa maputo. Vita ilipoleta ndege za kupigana juu sana, marubani wakaanza kuzimia, ndo wanasayansi wakakaa chini kutengeneza vifaa vya kupumulia. Mmoja wao, profesa Dreyer wa Oxford, alikuwa na chumba cha kupunguza hewa na alimpima George Finch mle ndani kabla ya msafara wa 1922. Finch alikuwa mkemia mzaliwa wa Australia, vita aliimalizia Salonika kwenye idara ya silaha, mtu wa kukarabati vitu. Akaibeba ile mitungi ya chuma minne, karibu kilo 15 mgongoni, wenzake wanamwambia huo sio uanamichezo. Akashona na koti la kitambaa cha puto limejazwa manyoya ya bata, wakamcheka, baridi ilipokolea wakaanza kuliangalia kwa jicho lingine.

Tarehe 27 Mei 1922 Finch alifika kama mita 8,320 akiwa na Geoffrey Bruce, kapteni wa jeshi ambaye hakuwahi kupanda mlima wowote kabla ya hapo. Hakuwahi! Mlima wake wa kwanza ni Everest na anavunja rekodi ya dunia. Zawadi ya Finch ilikuwa kuachwa 1924, wakubwa hawakumpenda mdomo wake.

Ngosha Mtata

Mkuu mi napinga kidogo. Irvine alizaliwa 1902, vita imeisha hajafika. Akafa na miaka 22 kwa kiherehere kilekile. Sasa yeye vita gani ilimuharibu? Unalazimisha hoja. Hawa walikuwa watoto wa matajiri waliochoka kukaa nyumbani, full stop.

Bwana Theluji

Ngosha nilijua utakuja. Utajiri upo sikatai, Mallory na Irvine wote ni wa vyuo vikubwa. Ila kijana aliyesoma miaka ile alikulia shuleni kila wiki yanasomwa majina ya kaka wa darasa la juu waliouawa, akafika chuo mwaka wake unakuta waliorudi wanatembea na magongo. Huyo kijana ukimuonyesha mlima haoni hatari unayoiona wewe. Alikuwa na deni la ujasiri ambalo hakupewa nafasi ya kulilipa.

Lakini twende kwa mtu ambaye hata wewe utakubali, na huyu ni wa huku kwetu. Bill Tilman.

Alizaliwa 1898, baba yake mfanyabiashara wa sukari Liverpool. 1915 ana miaka 17 tayari ni afisa wa mizinga. Amekuwepo Somme, akajeruhiwa, akapata Military Cross (nishani ya ujasiri) mara mbili, vita inaisha ana miaka 20. Umri ambao wengi wetu tulikuwa tunakimbizana na boom, mwenzetu ameshaamuru watu kufa. Baadaye alikuja kuandika kwamba akiangalia nyuma kuna kuona haya, unajiuliza kwa nini wewe ulibaki wakati wenzako waliokuwa bora walikwenda.

1919 anaacha jeshi na anapata shamba Kenya. Kwa bahati nasibu. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa kuwagawia maskari wazungu ardhi, majina yanachezeshwa, ukishinda unapanda meli ya Mombasa. Akaja kukata msitu maeneo ya Sotik, akalima kitani, bei ikaporomoka, akahamia kahawa. Miaka kumi hivi anaishi porini na hajapanda mlima hata mmoja wa maana.

Mzee wa Sotik

Mwanangu umegusa kwetu. Hiyo bahati nasibu unayoiongea hivi hivi ilikuwa mashamba zaidi ya elfu moja, na ardhi haikuwa ya bahati nasibu, ilikuwa ya watu. Wakipsigis na Wanandi walisukumwa ili askari wa Ulaya akae. Na ukumbuke vita hiyo hiyo ilipiganwa na huku. Wapagazi wa Carrier Corps walibebeshwa mizigo ya jeshi la Mwingereza kutoka huku mpaka ndani Tanganyika kumfukuza Mjerumani von Lettow, kwa hesabu za serikali yenyewe wakafa zaidi ya 40,000, na wanahistoria wanasema idadi ya kweli ni kubwa kuliko hapo, wengi ni kuhara, malaria na njaa wala sio risasi. Hakuna mpagazi aliyechezeshewa bahati nasibu ya shamba. Ujasiri wa Tilman siubishii, lakini alianzia juu ya ardhi ya nani uandike pia.

Bwana Theluji

Mzee shikamoo, naandika. Ndo maana nikasema ile vita iliwapa nafasi, na nafasi ilikuwa na mwenyewe. Na ukiangalia vizuri hii biashara yote ya milima ilisimama juu ya migongo ya wabeba mizigo, Himalaya na huku.

Sasa kwenye kahawa hiyo hiyo, kule Nyeri kulikuwa na kijana anaitwa Eric Shipton, amekuja 1928 kufanya kazi shambani. Januari 1929 yeye na Wyn-Harris, afisa wa utawala wa kikoloni, wakawa wa kwanza kufika kilele cha Nelion pale Mlima Kenya, mita 5,188, halafu wakavuka mpaka kilele cha juu zaidi, Batian, ambayo ilikuwa haijapandwa tena tangu Mackinder 1899. Tilman akasikia habari, akamwandikia barua. Ndo urafiki ukaanza. 1930 wakapanda Kilimanjaro pamoja, Kibo na Mawenzi (kwenye Kibo Tilman alitapika sana, mwinuko haukumpenda), mwaka huohuo wakarudi Mlima Kenya wakapita ukingo wa magharibi wa Batian, njia ambayo hata leo watu wanaiheshimu. 1932 wakaenda Rwenzori.

Naambiwa baada ya miaka ya kufungwa kamba moja Shipton akamwambia Tilman, bwana tumekaa hivi miezi saba mfululizo kwa nini usiniite Eric tu, Tilman akajibu hapana, litasikika kipuuzi. Waingereza hawa.

Na huyo Wyn-Harris wa Mlima Kenya? 1933 yuko Everest, kwenye ukingo juu ya mita 8,400 anakuta shoka la barafu limelala kwenye mwamba, halina mwenyewe. Wengi wanaamini ni la Irvine. Kwa hiyo alama ya kwanza ya wale waliopotea 1924 iliokotwa na afisa wa kikoloni aliyetoka Kenya. Mwili wa Mallory ulikuja kuonekana 1999, na 2024 ukapatikana mguu ndani ya kiatu kwenye barafu ya Rongbuk chini ya Everest, soksi imeshonwa jina la Irvine.

Mama Kahawa

Naomba nijue Tilman aliishia wapi, usituache hewani.

Bwana Theluji

1932 akiwa likizo Uingereza alianguka kwenye mwamba pamoja na wenzake, mmoja akafa, yeye mgongo umeumia akatambaa maili nne kutafuta msaada. Daktari akamwambia habari ya kupanda milima imeisha. Jamaa akarudi Kenya, akachimba dhahabu kidogo Kakamega, 1933 akaamua kurudi kwao, ila badala ya kushuka Mombasa akanunua baiskeli akaendesha kutoka Uganda, akakatiza Kongo mpaka bahari ya Atlantiki pale Kribi, Kamerun. Karibu maili 3,000 anakula ndizi.

Mwaka uliofuata yeye na Shipton na Masherpa watatu, Ang Tharkay, Pasang na Kusang, wakaingia bonde la mlima Nanda Devi kule India ambalo misafara mikubwa ilishindwa. Watu watano na magunia ya unga. 1935 wakaenda Everest kupeleleza, Tilman mwinuko ukamkataa tena, 1936 kamati ikamwacha. Ikamwacha pia Noel Odell, yule mtu wa mwisho kuwaona Mallory na Irvine wakiwa hai, kisa umri, ana miaka 45. Basi wale wawili waliokataliwa, wote maaskari wa vita ya kwanza, tarehe 29 Agosti 1936 wakasimama kwenye kilele cha Nanda Devi, mita 7,816, kilele kirefu kuliko chochote binadamu alichokuwa amekifikia mpaka 1950. Msafara mkubwa wa Everest mwaka huohuo haukufika popote. Nilipenda sana hiyo.

1938 akapewa yeye kuongoza Everest, akaipunguza ikawa ndogo na ya bei ndogo, wakafika mita 8,290 hivi hali ya hewa ikawarudisha. Halafu vita ya pili. Ana miaka 41, anaweza kukaa nyumbani kabisa, akajirudisha jeshini mwenyewe. Dunkirk, Iraki, jangwa la kaskazini, halafu akarushwa kwa parachuti Albania na baadaye Italia kuishi milimani na wapiganaji wa msituni. Ngosha, mtu wa kuchoka kukaa nyumbani tu hafanyi hivyo mara mbili. Hakuoa. Uzeeni akahamia mashua, akawa anasafiri kwenye barafu za Greenland na kusini, na 1977 akiwa na miaka 79 alipotea Atlantiki ya kusini na mashua nzima.

Nanyuki Finest

Mbona mmesahau Waitaliano wetu? Vita ya pili, kambi ya mateka namba 354 hapa Nanyuki. Felice Benuzzi kila asubuhi anaona Mlima Kenya juu ya seng'enge, akashindwa kuvumilia. Januari 1943 yeye na daktari Balletto na Barsotti wakatoroka, SI kwenda kwao, kwenda kupanda. Vyuma vya viatu wametengeneza kwa mabati ya kuokota, kamba ni za kitanda za katani, ramani ni picha kwenye lebo ya mkebe wa nyama. Batian ikawashinda, Benuzzi na Balletto wakafika kilele cha Lenana mita 4,985 wakasimika bendera ya Italia, halafu wote watatu wakarudi kambini wakajisalimisha wenyewe. Adhabu siku 28 mahabusu, mkuu wa kambi akawafanyia 7 kwa kuwaheshimu. Hao vita iliwafunga, mlima ukawa kama ruhusa ya kutoka.

Mchagga Halisi

Na Moshi tunaye mchungaji Reusch, alikuwa afisa wa jeshi la Urusi kabla hajawa mtu wa Mungu. Alipanda Kibo mara nyingi mpaka kreta ikapewa jina lake. Ndo yule aliyemkuta chui ameganda huko juu 1926.

Ngosha Mtata

Haya Tilman nakubali, yule hakuwa sawa. Ila sasa nauliza, hivi kwenye hao wote hakuna hata mmoja aliyewahi kusema inatosha? Kila mtu juu juu juu.

Bwana Theluji

Yupo. Ang Tharkay, yule Sherpa wa Nanda Devi. 1950 alikuwa kiongozi wa Masherpa kwa Wafaransa pale mlima Annapurna, Nepal, na Maurice Herzog, naye ametoka kwenye vita ya pili, alimwambia uje nasi kileleni umestahili. Ang Tharkay akashukuru kwa adabu, akasema miguu imeanza kuganda, anashuka kambi ya chini. Herzog na Lachenal wakaendelea, wakafika kweli, mita 8,091, wa kwanza duniani kufika kilele cha mlima unaozidi mita elfu nane. Lachenal akapoteza vidole vyote vya miguu, Herzog vya miguu na karibu vyote vya mikono, daktari anakata njiani wakiwa wanabebwa kurudi. Ang Tharkay akarudi na miguu yake na akaendelea na kazi miaka mingi baadaye.